Tairi la Mbele

1

Kwanza sema ni baiskeli gani.

Minza Bundala huanza hivyo na kila mteja, macho yake yakiwa kwenye kazi iliyo mapajani. Ya mbio, au ya fiksi? Ya mbio ina gia na breki mbili. Ukichoka unaacha kukanyaga, inakwenda yenyewe. Fiksi haina huruma hiyo. Frewili yake, gia ya nyuma inayojiachia, imechomelewa, gurudumu likizunguka pedeli nazo zinazunguka, na miguu yako humo humo, upende usipende. Wengi wa hapa hawaifungi hata breki. Wanasimama kwa kuikaza miguu mpaka gurudumu la nyuma liburuzike kwenye lami.

Kwa hiyo fiksi inakula tairi la nyuma, tena inalila sehemu moja moja, kama panya kwenye sabuni. Lakini baiskeli ya mbio, hatari yake iko

Hapo hukatiza. Humuuliza mteja anaishi upande gani wa mji.


2

Yaliyosikika mbele ya kibanda cha Minza, Shinyanga, wiki moja ya mwezi wa saba:

"Nataka tairi lisilotoboka."
"Halijatengenezwa."
"Basi linalokawia kutoboka."
"Hilo ninalo."

"Hivi, tairi nene si ndilo gumu?"
"Unene wa mpira ni kitu kimoja, kitambaa kilichomo ndani ni kitu kingine. Kuna nene linalokatika kama mkate."

"Fundi, mbona unalibonyeza kwa kiwiko?"
"Ndivyo ninavyojua."

"Si ndiye huyu aliyeanguka na marehemu Kabula?"
"Punguza sauti."
"Nimeuliza tu."


3

KADI YA MGONJWA WA NJE
Jina: Minza Bundala
Umri: 33
Kazi: Fundi wa baiskeli
Tatizo: Mkono wa kulia. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati havihisi joto, baridi wala ncha ya sindano. Nguvu ya mkono ni nzuri.
Mgonjwa anasema: "Sijambo."
Ushauri: Aepuke vitu vya moto. Arudi baada ya miezi mitatu.

Hakurudi.


4

Zamani alilijua tairi kwa dole gumba. Alibonyeza mara moja, akakwambia upepo umepungua kiasi gani na umepungua tangu lini. Alipitisha kidole ndani ya tairi lililotobolewa, akaukuta mwiba ambao jicho haliuoni.

Siku hizi anapitisha pamba. Anachomoa tonge dogo, analizungusha ndani ya tairi taratibu. Pamba ikinasa, mwiba upo hapo. Pamba Shinyanga haijawahi kuadimika. Wateja wanaliona jambo hilo kuwa ni ufundi.

Mwaka juzi alishika kikombe cha chai kwa mkono huo, akaendelea kuzungumza. Harufu ndiyo iliyomwambia kwamba anaungua.

Vidole vitatu. Hivyo ndivyo kadi ilivyoandika. Lakini ganzi haikukaa vidoleni. Siku alipozikwa Kabula, Minza alisimama kando ya kaburi mkono ukiwa kwenye bandeji, watu wakilia kulia kwake na kushoto kwake, na yeye akahesabu spoku za baiskeli moja iliyoegemezwa ukutani.

Thelathini na mbili.

Akahesabu tena.

Waombolezaji walisema, "Huyu dada ana moyo."


5

TANGAZO

KAMATI YA MBIO ZA MAVUNO inawatangazia waendesha baiskeli wote kuwa mbio za mwaka huu zitafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Wanawake: kilomita tisini na sita.

Washindani wazingatie yafuatayo:
(a) Kofia ngumu ni lazima.
(b) Baiskeli za fiksi haziruhusiwi siku ya mbio.
(c) Kila mshindani ahakikishe kwamba matairi yake yote mawili ni mazima. Kipengele hiki kiliongezwa mwaka jana.

Kamati haitamsubiri mtu yeyote.


6

Aliyekuja Jumatatu kuuliza habari za matairi alikuwa Limi Ngasa, mdogo wake Kabula.

Minza alimjua kwa mwendo kabla ya kuiona sura: bega la kushoto limetangulia kidogo, kama dada yake. Alikuwa anasukuma baiskeli mbili, moja kila mkono. Ya kulia ilikuwa fiksi nyeusi, chakavu, ya kufanyia mazoezi. Ya kushoto ilikuwa ya Kabula. Fremu ilikuwa imenyooshwa na kupakwa rangi ya bluu. Magurudumu yalikuwa mapya, matupu, hayajavishwa kitu.

"Shikamoo, dada Minza."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza kwa nini huji."

Minza aliinama akaokota bisibisi ambayo hakuihitaji.

"Nimejiandikisha Mbio za Mavuno," Limi alisema. "Nataka matairi ya baiskeli zote mbili. Yanayodumu. Dada alikuwa akisema hakuna anayejua tairi kama wewe."

Minza na Kabula walianza kukimbiza baiskeli mwaka mmoja. Walifanya mazoezi pamoja, walikula pamoja, walilala chumba kimoja kila mbio zilipokuwa mbali. Mwaka juzi, kwenye mteremko wa Igumbwa, kilomita ya sabini na moja, Minza alikuwa mbele na Kabula amejikinga upepo nyuma yake, karibu kabisa, gurudumu kwa gurudumu. Tairi la mbele la Minza likapasuka. Minza akaanguka kwa ubavu. Kabula hakuwa na pa kupita.

Hayo Limi aliyajua. Mji mzima uliyajua.

"Ziache," Minza alisema. "Njoo Alhamisi tuchague."


7

MAELEZO YA MSHINDANI KUHUSU AJALI
(Yajazwe kwa herufi zinazosomeka)

Swali la 4: Hali ya matairi yako ilikuwaje kabla ya mbio?
Jibu: Yote mawili yalikuwa mapya.

Swali la 5: Je, kuna jambo jingine ungependa Kamati ilijue?
Jibu: Hapana.

Sahihi: (imeandikwa kwa mkono wa kushoto)

UAMUZI: Ajali. Hakuna wa kulaumiwa. Faili limefungwa.


8

Alhamisi. Limi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Minza amesimama, na matairi yamening'inia ukutani kwenye misumari kama bangili za mtu mkubwa sana.

Ya fiksi waliimaliza upesi.

"Nyuma nakuvishia hili. Pana, mpira mwingi katikati. Usiangalie mistari iliyochorwa juu, hiyo ni urembo, lami haiijui. Angalia unene wa hapa katikati, maana hapa ndipo utakapoburuza. Kila wiki mbili litazame. Ukiona nyuzi zimeanza kuchungulia, livue, hata kama pembeni bado linang'aa."

"Na mbele?"

"Mbele jembamba kidogo, lakini lenye kinga. Unaona hiki kitambaa cha njano kati ya mpira na nyuzi? Hiki ndicho kinachozuia waya."

"Waya gani?"

"Tairi la lori likipasuka linaacha nyaya barabarani, ndogo kama nywele. Miiba unaiona. Waya huuoni. Unaingia leo, unakutoboa kesho."

Alimwonyesha pia tarehe, namba nne zilizogandamizwa ubavuni: wiki na mwaka. Tairi lililokaa dukani miaka sita kwenye jua la hapa ni jipya kwa macho tu. Ukilikunja linatoa nyufa. Akalikunja moja, likatoa nyufa, akalitupa kwenye pipa.

Sauti yake ilikuwa tambarare muda wote, kama ya mtu anayesoma orodha ya majina ya watu asiowajua. Alijisikia anasema. Alisikia maneno yanakwenda sawa, yote ya kweli, yanatoka moja moja na kumwacha alivyokuwa.

Ilibaki ya bluu.


9

Simu ya Minza ina ujumbe mmoja wa sauti ambao haufuti wala hausikilizi. Sekunde kumi na nne. Tarehe yake ni Jumamosi, siku moja kabla ya mbio za mwaka juzi. Anaukumbuka wote:

"Minza we, umeshakula? Usije ukashinda hapo unachezea mabaurudumu yako mpaka ukasahau kula, halafu kesho useme nimekushinda kwa sababu ulikuwa na njaa. Nimesema *mabaurudumu*. Umenisikia? Ulimi umeteleza. Usicheke."

Kisha kicheko chake mwenyewe.

Kisha


10

Wewe unayesoma, huenda huna baiskeli. Haidhuru. Kuna kitu ulichokiona kina ufa ukasema kitavumilia siku moja zaidi. Ngazi. Waya wa pasi. Kamba ya ndoo kisimani. Ukakitumia, kikavumilia, na wewe ukasahau. Wengi wetu tumo humo, kwenye kile kilichovumilia.

Minza hakupata bahati hiyo. Basi. Kati yake na wewe hakuna tofauti zaidi ya hiyo. Endelea.


11

"Hili hapa," Limi alisema.

Alikuwa amesimama na kuteua mwenyewe. Lilikuwa tairi jembamba, jeusi lote, jepesi kiasi kwamba ulilishika kwa kidole kimoja likazunguka. Ubavu wake ulikuwa laini kama kitambaa cha shati.

"Hilo ni la mbio fupi. Uwanjani," Minza alisema. "Kwenye lami nzuri iliyofagiwa."

"Nyuma nitaweka nene. Mbele hili."

"Hapana."

"Dada Minza, nyuma ndiko kunakobeba uzito, nyuma ndiko kunakotoboka. Hata kwenye fiksi nene umeliweka nyuma. Mbele nataka wepesi. Nataka kushinda."

"Kinyume chake. Nyuma likipasuka unayumba, unasimama, unalia kwa hasira, unakwenda nyumbani. Mbele likipasuka huna usukani tena. Tairi zima kuliko yote huvishwa mbele. Daima. Hata kama ni zito."

"Kwani lako mwaka juzi halikuwa zima? Lilikuwa jipya, na lilipasuka. Sasa tofauti iko wapi?"

Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha kwa kipaza sauti. Mahindi, mahindi ya moto.

"Halikuwa jipya," Minza alisema.


12

Limi aligeuka, tairi jembamba mkononi.


13

Mahindi ya moto.


14

Alisimulia akiwa amesimama, mikono ikining'inia.

"Jumamosi mchana niliona mkato ubavuni. Mdogo, kama urefu wa ukucha. Nikakata kipande cha tyubu tupu ya dawa ya meno, nikakipachika kwa ndani, nikajaza upepo. Likasimama vizuri. Nikalibonyeza, likawa gumu."

"Hukuwa na jingine?"

"Nilikuwa nalo. Jipya, lenye kinga. Lilikuwa pale." Akaonyesha msumari. "Lilikuwa zito zaidi."

"Zito kiasi gani?"

"Kama embe dogo."

Limi alilitazama tairi jembamba alilolishika, kisha akalirudisha ukutani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Kwa nini, dada Minza?"

Swali hilo Minza alikuwa amelijibu kwa miaka miwili kichwani, kwa namna nyingi, nyingine ndefu sana. Lililotoka lilikuwa fupi.

"Nilitaka kumshinda Kabula. Alikuwa amenishinda mara tatu mfululizo. Nilitaka mara moja tu, yeye akiwa nyuma yangu, nione inakuwaje."

Akangoja. Alidhani Limi atampiga, au atalia, au ataondoka na baiskeli zake. Alitamani mojawapo. Hata kofi angelipokea vizuri, angejua limetua.

Limi alikaa tena kwenye ndoo. Aligusa kwa kidole ukingo wa rimu tupu ya baiskeli ya bluu, akaizungusha. Gurudumu lilizunguka muda mrefu, maana gololi za ndani zilikuwa mpya, na wote wawili walilitazama mpaka liliposimama.

"Halafu ukaandika kwamba lilikuwa jipya."

"Ndiyo."

"Na kamati wakaamini."

"Waliona nimeumia. Hawakuuliza mara ya pili."

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Miaka miwili, kila Kabula akitajwa, mama anasema lile tairi ni la kiwanda, siku moja ataandika barua kiwandani. Hajui kuandika. Aliniomba mimi nimwandikie." Limi alisimama. "Nilikuwa nimeshaanza."

Akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Nivishie ya bluu. Mbele lenye kinga. Nyuma pia lenye kinga. Halafu funga kibanda."


15

Hatua, kama alivyozifanya:

Alitazama ndani ya rimu kama kuna spoku iliyotokeza.
Alipitisha pamba.
Alivisha upande mmoja wa tairi, akatia mpira wa ndani ukiwa na upepo kidogo ili usijikunje, akavisha upande wa pili kwa viganja, bila chuma, kuanzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu.
Alizunguka tairi lote akichungulia kama mpira umebanwa mahali.
Alijaza upepo nusu. Akachungulia tena. Akajaza wote.
Alirudia yote kwa gurudumu la pili.

Hakuruka hatua. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka ule, na haikumfariji.


16

Taarifa kwa wateja, chaki kwenye ubao:

NIMETOKA


17

Nyumba ya mama Kabula iko nyuma ya kinu cha kuchambulia pamba, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Limi aliisukuma ya bluu. Minza aliisukuma fiksi, pedeli zikizunguka zenyewe na kumgonga muundi wa mguu kila alipoisogeza karibu. Hakuisogeza mbali.

Njiani Limi alisema mara moja tu:

"Utaongea wewe. Mimi sitakusaidia."

"Sawa."

"Na usianze kwa kulia."

"Sijui kama naweza."

"Basi vizuri."


18

Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, ungo mapajani, anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, vizuri kushoto, vilivyotobolewa na wadudu kulia. Jua la saa kumi lilikuwa limeshafika ukutani.

"Mwadila, mayu," Minza alimsalimu mama kwa Kisukuma, akapiga goti.

"Mwadila." Alimtazama kwa muda. "Umekonda. Kaa."

Minza hakukaa. Alisema yote akiwa amepiga goti palepale: mkato, kipande cha tyubu ya dawa ya meno, tairi la msumarini, embe dogo, fomu, neno *mapya*. Alisema kwamba alitaka kushinda. Hakusema samahani mwanzoni, kwa sababu aliona neno hilo litaingia katikati yao kama pazia. Alilisema mwishoni, nalo likawa dogo kama alivyohofia.

Mikono ya mama Kabula haikuacha kuchambua. Kushoto. Kulia. Kushoto. Kisha kiazi kimoja kikakaa mkononi mwake bila kwenda popote.

"Gari la wagonjwa lilichelewa," alisema. "Waliniambia gari lilichelewa."

"Dakika kama nne."

"Mlikuwa wawili tu pale?"

"Wawili tu."

"Alisema chochote?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Fomu haikuwa na swali hilo. Watu msibani walizunguka mbali nalo, kama mtu anavyozunguka shimo. Minza alikuwa amelikalia jibu lake miaka miwili.

"Aliuliza nani ameshinda."

Limi aligeuza uso ukutani.

"Ukamwambia nini?" mama Kabula aliuliza.

"Nikamwambia ni yeye."

Sauti iliyotoka kifuani mwa mama Kabula ilianza kama kicheko. Haikufika. Alijifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakamtikisika, na ilipopita alifuta macho kwa kiganja kilichojaa unga wa viazi, akabaki na mstari mweupe shavuni.

"Huyo ni wangu," alisema. "Kabisa. Huyo ni wangu."

Kuku alipita kati ya baiskeli mbili.

"Mama," Limi alisema, "kuhusu mimi na zile mbio…"

"Wewe nyamaza kwanza. Habari yako nitaifikia." Hakumtazama Limi, alikuwa anamtazama Minza, na uso wake haukuwa wa kusamehe wala wa kufukuza. "Miaka miwili unapita njia ile pale unainamisha kichwa. Nikadhani unanionea huruma."

"Hapana, mama."

"Sasa najua." Akausogeza ungo pembeni, akapangusa nafasi kwenye mkeka kwa mkono. "Umesema haraka, na umesema habari za tairi. Mimi sikuwa na shida ya tairi. Nilikuwa na mtoto. Tangu atoke nyumbani kwangu Ijumaa mpaka wanamleta kwenye shuka, siku mbili nzima, alikuwa kwako. Siku hizo zote mbili umekaa nazo wewe peke yako."

Minza alikuwa bado amepiga goti.

"Kaa, nimekwambia. Anza tena. Usianzie kwenye mteremko. Anzia asubuhi, mlipoamka."

Minza alikaa. Alitafuta mahali pa kuanzia. Alifumbua mdomo, na kitu kikapanda kooni, kigeni, kizito, akakimeza, kikapanda tena.

"Asubuhi," alisema, "Kabula aliamka kabla yangu. Alikuwa ameketi kitandani anafunga nywele, akaniambia